Kunguni wa Chumba cha Seva

Tangu aondoke, chumba cha seva hakijajifunza upya kuongea. Wasimamizi wa mifumo waliingoja siku ile kama watu wanaongoja mgeni mbaya apande gari lake, wakiamini kwamba akishatoka tu watarudia vicheko vyao vya zamani na ubishi wao wa mpira. Hawakurudia. Mpaka leo kufuli la mlango likilia, wananyamaza. Anayeingia ni mwenye chai, au fundi wa viyoyozi aliyekuja kusikiliza mashine inayokohoa, lakini vidole vimeshaachia kibodi, macho yameshakimbilia skrini, na mtu mmoja ameshameza nusu ya sentensi yake. Kisha wanatazamana, na haya zao zinageuka hasira.

"Hata hayupo, anatubana," mmoja husema.

"Kunguni ukimtoa kitandani, mwili unaendelea kujikuna," hujibu mwenzake.

Kunguni ndilo jina walilompa. La kuzaliwa alikuwa nalo, lilining'inia shingoni mwake kwenye kitambulisho, lakini aliyelitumia alikuwa mama yake tu, tena akiwa amekasirika.

Hospitali ile ni kubwa, ya rufaa, na kila mgonjwa aliyewahi kulala humo amebaki ndani ya kompyuta zake: damu yake, mimba zake, picha za mapafu yake, na yale aliyomnong'oneza daktari akidhani yameishia hewani. Daktari akitaka kufungua faili, mfumo humuuliza: wewe nani, na huyu ni mgonjwa wako? Msimamizi wa mfumo haulizwi. Yeye ana akaunti kuu, na akaunti kuu haibishi hodi. Anaweza kufungua chochote, kubadili chochote, kufuta chochote, na kufuta hata alama ya kwamba amefuta. Lazima awepo mtu wa namna hiyo, maana mashine zikizimika watu wakiwa wamepasuliwa vifua hakuna nafasi ya kuomba ruhusa. Na lazima awepo mtu wa kumtazama mtu wa namna hiyo. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa Kunguni.

Kuchukiwa hakukumkuta ukubwani. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani ya sokoni. Alitembea na sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia, na alipoingia sokoni kwa mlango mmoja, kule kwenye mlango wa pili mizani ilianza kusema kweli. Nyumbani kwao hakuna jirani aliyewahi kuja kuomba chumvi. "Mume wangu akipita," mama yake alikuwa akisema, "hata nzi wanapanga foleni." Shuleni watoto wa wachuuzi walimpiga ngumi mgongoni, kisha wakamuuliza kama zimetimia uzito. Hakulia. Aliwaambia ni pungufu, wakaongeza.

Lakini kilichowauma wasimamizi wa mifumo ni kwamba hakuletwa kutoka nje. Alikuwa mwenzao. Aliingia chumba kile akiwa binti aliyetoka chuoni na sweta la kuazima, kwa sababu ya baridi ya mle ndani, na aliyempokea alikuwa Mhandisi, mkuu wa chumba, mtu wa mabega mapana na sauti ya taratibu, ambaye alimfundisha kazi mpaka namna ya kusikiliza diski inayokaribia kufa. Miaka mingi alikula nao, alibishana nao, aliwashikia zamu wakifiwa. Alijua mila zao zote, na iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa kuachiana moto.

Kufungua akaunti kuu ni usumbufu. Kuna nywila ndefu kama ukoo wa kifalme, kuna namba inayotumwa kwenye simu na kufa kabla hujamaliza kuinakili, kuna swali na jibu la swali. Kwa hiyo wao walikuwa na adabu yao: anayefungua hafungi. Huiacha akaunti wazi kwenye kompyuta ya dirishani ili anayekuja nyuma yake akae na kufanya kazi moja kwa moja. Ndiko kuachiana moto, kama wanawake wa uani wanavyopeana kaa la kuwashia jiko. Mtu aliyefunga akaunti kabla ya kuondoka alihesabiwa mchoyo. "Nani kauzima?" wangeuliza, na mwenye kosa alinunua soda. Hakuna aliyeona hatari yoyote. Kwao ilikuwa ni upendo.

Kisha hospitali nyingine ikapata aibu, siri za wagonjwa zikauzwa, na wakubwa wakaogopa. Wakaunda nafasi ya mkaguzi wa akaunti kuu. Tangazo lilikaa ubaoni mpaka karatasi ikapauka, maana ni nani atakaye kuwa polisi wa ndugu zake? Aliyeomba ni yeye. Waliomuuliza kwa nini aliwaambia amechoka na baridi. Kweli ni kwamba alipenda. Wapo wanaopenda kuimba na wapo wanaopenda kulima. Yeye alipenda kukuta kosa likiwa bado na joto.

"Mwanangu," Mhandisi alimwambia siku anahamisha vitu vyake, "nilikufundisha kupika. Sasa unarudi kuhesabu minofu?"

"Kama minofu imetimia, Mzee, shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba umetoka jikoni. Mgeni angehesabu sufuria. Wewe unajua tunapoficha vijiko."

Walimpa ofisi chini ya ngazi, iliyokuwa stoo ya mifagio. Watu walipita juu ya kichwa chake siku nzima, na baada ya muda akajua kumtambua mtu kwa visigino. Mezani kwake siku ya kwanza alikuta kopo la dawa ya kunguni, limefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Alilichukua, akalipeleka chumba cha seva, akaliweka katikati ya vikombe vya chai.

"Nani kanunua hili? Halikupitia manunuzi."

Hakuna aliyecheka, ingawa lilikuwa la kuchekesha, na hilo ndilo lililomwambia kwamba yamekwisha. Watu wakikataa kucheka mzaha wako, wameshakuzika.

Alianza kwa kuivunja akaunti kuu iliyokuwa ya wote. Kila msimamizi akapewa mamlaka yale yale, lakini kwa jina lake mwenyewe. Kila amri aliyoandika ikanakiliwa pale pale na kupelekwa kwenye mashine nyingine, ambayo Kunguni peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wake. Na ukutani, juu ya kompyuta ya dirishani, akabandika karatasi yenye sheria aliyoitunga mwenyewe na kutiwa sahihi na Mkurugenzi: *Jina lililo wazi ndilo linalojibu.* Yaani ukiacha akaunti yako wazi, chochote kitakachofanywa ndani yake ni chako, uwe umekifanya au hukukifanya. Ndivyo alivyoukusudia moto ufe.

Haukufa upesi. Watu hawaachi adabu kwa sababu ya karatasi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa yule waliyemwita Mkataba, kwa kuwa wenzake wote waliajiriwa moja kwa moja na yeye peke yake aliishi kwa mkataba wa kuhuishwa. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye watoto pacha, anayecheka kabla ya kumaliza hadithi zake. Asubuhi moja nakala ya akiba ya famasi ilikutwa imefutwa, na jina lililoifuta lilikuwa lake. Kunguni alimwita chini ya ngazi.

"Dada, si mimi. Nilikwenda jengo la pili kubadili waya. Niliacha moto tu, kama tunavyofanya."

"Kama mlivyokuwa mkifanya."

"Haya, kama tulivyokuwa. Lakini mkono si wangu. Angalia kadi za mlango! Mlango wa chumba unaandika kila anayeingia na anayetoka. Utaona sikuwemo."

"Mlango hautii sahihi. Jina ndilo linalotia."

"Dada, wewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nasikitika."

Hakusikitika sana. Kuangalia mlango kungemchukua muda wa kunywa chai, naye hakuangalia. Sheria ilikuwa changa, ilitaka mfano, na mfano mzuri ni yule asiye na mjomba. Mkataba hakuhuishiwa mkataba. Siku anaondoka, wenzake walimsindikiza hadi getini, wakirudi wakapita chini ya ngazi wakikanyaga kwa makusudi, hata vumbi likaangukia karatasi za Kunguni.

Jioni ile mama yake, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, alimuuliza bila kuinua kichwa:

"Nasikia umemfukuza mtu."

"Sheria ndiyo imemfukuza, mama."

"Sheria ina miguu? Ilikwenda kazini asubuhi, ikarudi hapa ikavua viatu?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi sina langu. Nilitaka kujua tu ni nani amekaa kwenye kiti changu."

Baada ya hapo moto ulizimika kweli. Wasimamizi wakawa wanafunga akaunti hata wakienda kujisaidia, na kila walipofunga waligonga kibodi kwa nguvu, kofi la kumwekea mtu asiyekuwepo. Chuki yao ikapata nidhamu. Walimsalimia kwa ukamilifu, "Shikamoo, mkaguzi," hata wale waliomzidi umri, ili shikamoo imchome. Alipokaa kantini, meza yake ilikuwa na nafasi kama meza ya mwenye ndui. Yeye alikula chakula chake chote, taratibu, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. Aliamini kwamba mtu aliye sahihi hahitaji kupendwa, na imani hiyo ilimkausha kama samaki juani. Ikamhifadhi, ikamwondolea maji.

Hapo ndipo alipokuja muuguzi wa wodi ya watoto.

Alikuja mchana, bado na sare, akasimama mlangoni pa ile stoo akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wanayekuita Kunguni?"

"Wananiita hivyo nikiwa mbali. Kaa."

Hakukaa. "Nina kifafa," alisema. "Nimekuwa nacho tangu msichana. Nameza dawa kila siku, sijaanguka miaka na miaka. Hapa kazini aliyejua ni daktari wangu tu, na faili langu. Sasa kwao mchumba wangu wamerudisha neno kwamba hawaozeshi mtoto wao kwa mwenye kifafa. Na huko wodini akina mama wameshasikia. Jana nilimnyanyua mtoto nimpime joto, mama yake akaninyang'anya. Akaniambia, 'Usije ukaniangushia.'"

Kunguni hakusema pole. Hakuwa hodari wa pole. "Unamshuku nani?"

"Mchumba wangu ana mjomba huku chini. Mkuu wa chumba chenu. Lakini kushuku si kujua. Mimi sitaki kikao, sitaki kubembelezwa. Nataka jina la aliyefungua faili langu, limeandikwa, nilishike mkononi. Maana sasa hivi kila anayenitazama naona ndiye."

"Nitakupa."

"Wote husema hivyo."

"Mimi si wote. Ndiyo maana hawanipendi."

Muuguzi aliondoka. Kunguni alivuta kiti, akafungua ile mashine ambayo ufunguo wake alikuwa nao peke yake, akaandika namba ya faili. Alikuwa na hakika ya jina litakalotokea. Alishaanza hata kuionja furaha yake, furaha chungu na tamu ya mwanafunzi anayemkuta mwalimu na chaki iliyoibwa. Mstari ukatokea. Faili la muuguzi, limefunguliwa mara moja na mtu asiyekuwa daktari wake, kwa mamlaka kuu, kutoka kompyuta ya dirishani. Na jina.

Jina lilikuwa lake mwenyewe.

Kwanza alidhani amekosea namba. Akaandika upya, polepole. Jina likarudi, herufi zile zile ambazo mama yake huzipigia kelele akikasirika. Juu ya kichwa chake visigino vya mtu vilikuwa vikipanda ngazi, na yeye alivisikiliza mpaka vikaisha, kana kwamba vilikuwa na jibu.

Kisha akakumbuka. Siku ile faili lilipofunguliwa, alikuwa ameshuka chumba cha seva kuhakikisha kwamba mashine inanakili amri za kila mtu, za kwake zikiwemo. Akakaa kwenye kompyuta ya dirishani, akafungua kwa jina lake. Mhandisi akapokea simu ya mezani, akasema, "Mkurugenzi anakuita juu, sasa hivi." Naye akainuka. Akili yake ilikuwa imeshapanda ngazi kwa Mkurugenzi. Mkono ulibaki nyuma, na mkono ule ulikuwa umelelewa miaka mingi ndani ya chumba kile. Mgeni aliyeletwa kutoka nje angefunga. Mwoga angefunga. Aliyeweza kuondoka bila kufunga ni yule tu aliyewahi kuwapenda watu wa mle ndani. Aliwaachia moto.

Akafungua kumbukumbu za mlango, zile alizomnyima Mkataba. Kadi ya Kunguni mwenyewe ilitoka. Wengine walikuwa wameshatoka kwenda kula. Kadi ya Mhandisi ilibaki ndani peke yake, na faili lilifunguliwa wakati huo.

Alimkuta Mhandisi katikati ya kabati za seva, amevaa koti lake la baridi, akipangusa vumbi la kichujio kwa brashi ya rangi. Wengine hawakuwepo.

"Funga mlango," Mhandisi alisema. "Unatuvujishia baridi."

"Umefungua faili la muuguzi."

"Mimi? Kumbukumbu zinasemaje?"

"Unajua zinavyosema."

"Basi kwisha. Jina lililo wazi ndilo linalojibu. Maneno ya nani hayo? Yako hapo ukutani, nimeyasoma mpaka nayaota."

"Mlango unaonyesha ulikuwa peke yako."

"Mlango hautii sahihi!" Mhandisi alicheka, cheko kavu, la mtu aliyelitunza kwa muda mrefu. "Mkataba alitusimulia yote getini. Alilia yule, unajua? Mwanamume mrefu namna ile."

Mashine zilivuma pande zote kama mvua isiyogusa ardhi.

"Sikukutega," Mhandisi aliendelea, na sauti yake ikashuka, ikawa ile ya zamani, ya mwalimu. "Mkurugenzi alikuita kweli. Niligeuka nikaona moto umeachwa. Wewe! Nikakaribia kufurahi, nikajua bado umo mwetu. Halafu nikamkumbuka dada yangu, anavyonipigia kila asubuhi: una funguo za hospitali nzima, unashindwa kutuangalizia binti mmoja? Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Nimwache atumbukie kisimani amefumba macho?"

"Hakuwa kisima, Mzee. Alikuwa mchumba wa mtu."

"Ameachwa. Hajafa."

"Akina mama wanamnyang'anya watoto mikononi."

Hilo lilimgusa, alipangusa mahali palipokwisha kupanguswa. Kisha akaweka brashi chini.

"Sikiliza. Ni mstari mmoja. Uko kwenye mashine ambayo ufunguo wake unao wewe. Ufute, mimi nastaafu mwaka huu, wewe unabaki na kazi yako na karatasi yako ukutani. Ukinitaja, unajitaja. Nani anakukagua wewe?"

"Hakuna."

"Basi."

Alirudi chini ya ngazi bila kumjibu. Hapo baadhi ya watu humfanya mtakatifu wanaposimulia, kwamba hata hakuwaza. Aliwaza. Aliufungua ule mstari, akauweka kivuli kama mtu anayelenga shabaha, na kidole chake kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Alijua namna ya kuufuta usiache hata kovu. Alifikiria mama yake na mchele wake, kodi ya nyumba, na umri wake ambao waajiri huuangalia mara mbili. Alimfikiria muuguzi pia, lakini si kwa huruma, kwa hasira. "Wote husema hivyo." Maneno yale yalimkera kama kokoto kiatuni. Asingestahimili kuwa mmoja wa wote. Wapo watu ambao wema wao umetengenezwa kwa kiburi, nao hushika vilevile kama mwingine. Akaondoa kidole.

Ripoti aliyompelekea Mkurugenzi ilikuwa fupi. Mkurugenzi, mwanamke wa sauti ndogo asiyependa karatasi zenye majina ya watu, aliisoma, akavua miwani.

"Tuandike hitilafu ya mfumo," alisema.

"Mfumo haukukosea. Umesema kilichotokea."

"Mfumo unasema ni wewe."

"Umesema jina langu lilikuwa wazi. Mlango ndio unaosema aliyekuwemo."

"Vizuri! Basi mlango umekusafisha. Mhandisi apumzishwe kabla ya siku zake, wewe ubaki. Hii sehemu ya mwisho, ya yule kijana wa mkataba, sikukuuliza."

"Yeye aliniomba mlango nikamnyima. Sasa kadi za wakati ule zimeshafutika, ule mtambo hautunzi ya zamani. Hatasafishika tena. Nikijisafisha kwa kitu nilichomnyima yeye, ile haikuwa sheria. Ilikuwa fimbo."

"Mama, unataka nini hasa?"

"Muuguzi apewe majina. Yule wa mkataba aandikiwe barua kwamba alihukumiwa bila kusikilizwa. Na sheria isomwe kama ilivyo."

"Ikisomwa kama ilivyo, unaondoka."

"Niliiandika mimi. Najua inakofikia."

Mkurugenzi alimtazama kwa chuki safi kabisa, chuki ya mtu aliyelazimishwa kuwa mwadilifu siku ambayo hakupanga. Akatia sahihi.

Mhandisi alitoka wa kwanza. Wasimamizi walichanga, wakamnunulia saa ya ukutani, wakampiga picha ameibeba. Kunguni hakuchangiwa, na hakuna aliyetarajia. Kwenye korido walisema amejinyonga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Wengine walisema amemvuta mzee wa watu shimoni kwa sababu hakutaka kufa peke yake. Hata wale waliojua kwamba Mhandisi alikosa walimsamehe siku ile ile, kwa kuwa kosa lake lilikuwa la mjomba. La Kunguni halikuwa na jina la ukoo.

Muuguzi alikabidhiwa karatasi na Kunguni mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama pale pale mlangoni pa stoo.

"Aliyefungua ni yeye."

"Ndiye."

"Lakini mlango uliuacha wazi wewe."

"Mimi."

"Nilikuomba jina moja." Alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sare. "Angalau sasa nitawatazama wengine usoni. Wewe sitakutazama." Alivuta mlango kwa nguvu hata ufagio wa zamani, uliosahaulika nyuma yake, ukaanguka.

Palibaki nyumba ya Mkataba. Alikwenda Jumamosi, mchana kweupe, na aliyemfungulia alikuwa mke, aliyemtambua kabla hajajitaja, akamwacha amesimama kizingitini na kumwita mumewe bila kumkaribisha mgeni. Mkataba alitoka na mikono yenye grisi. Siku hizo alikuwa akitengeneza pampu za maji. Kunguni alimweleza yote, la mlango, la jina lake mwenyewe, la barua ambayo hospitali itamtumia. Alieleza kwa mpangilio, kama anasoma ripoti. Hakujua namna nyingine.

Mkataba alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Umekuja kuniomba radhi, au kuniletea habari?"

"Habari. Radhi sina haki nayo."

"Afadhali. Maana ungeniomba, ningelazimika kuwa mtu mzuri, na leo sina nafasi." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Watoto waliniuliza kwa nini nipo nyumbani. Niliwaambia nimefuta dawa za watu kwa bahati mbaya. Nilikubali kosa nisilolifanya, mbele ya wanangu, kwa sababu lile la kweli lilikuwa gumu kueleza. Barua yako itawaeleza?"

"Haitaeleza yote."

"Haya. Habari nimezipata. Njia unaijua, ni ile ile uliyojia."

Kunguni alitaka kusema neno. Mke akafunga mlango, polepole, kwa heshima yote, na kugeuza ufunguo ndani.

Siku hizi Kunguni yuko kwenye chuo cha ufundi, upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili, ofisi ya usajili. Anaingiza majina ya wanafunzi wapya kwenye kompyuta, kwa akaunti ya kawaida isiyoweza kufuta kitu.